Siku Tulipolikata Shamba la Bibi

Mvua ikianza alfajiri ikafika adhuhuri haijapumzika, mimi siwezi kukaa. Nitasimama mlangoni, nitatoka barazani, nitarudi ndani. Wajukuu zangu hapa Shinyanga mjini hunicheka, wanasema bibi anaogopa kuyeyuka. Wiki iliyopita ilinyesha hivyo, nikajikuta uani, kanga imelowa chapachapa, nikitega sikio. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, nilikuwa nasikiliza nini.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka mjini, kwenye mbuga ya udongo mweusi, ule unaonata kama ulimbo wakati wa masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa ndama unazama. Nililelewa na bibi mzaa mama. Kiangazi kazi yetu ilikuwa moja, maji. Tuliondoka alfajiri na mitungi, tukachimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono, tukangoja yajae kidogo kidogo huku ng'ombe wakilia nyuma yetu. Michembe ya bibi, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa juani, tuliitafuna mikavu kwa sababu kuichemsha kulikuwa kupoteza maji.

Mjomba wangu alikuwa ameajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita, kazi yake pampu za kutoa maji mashimoni. Aliporudi kutusalimia alisema huko maji ni adui, yanavutwa kutwa na kumwagwa porini. Bibi alimwambia asimdanganye mtu mzima. Lakini mjomba alikuwa ameshamweleza mhandisi wake, Mzungu, habari za kwetu, na likizo ilipofika, yule Mzungu hakwenda kupumzika. Alikuja na mjomba, na fimbo zake za kupimia na hema lililochanika.

Tulimwita Injinia tu. Alikuwa mwembamba, shingo imeiva kwa jua, Kiswahili chake cha mgodini. Alizunguka bonde letu mpaka watoto tukachoka kumfuata, kisha akamwambia mwanangwa, mkuu wa kijiji, kwamba panafaa kuchimbwa lambo, bwawa la kuhifadhi maji ya mvua. Kiangazi kizima tulichimba. Wanawake walibeba udongo kwa vikapu, wanaume wakapanga mawe, na jioni ng'ombe walipitishwa juu ya tuta la kuzuia maji, huku na huku, walishindilie kwa kwato. Nyimbo za kulimia ziliimbwa pale, na ngoma ikapigwa kana kwamba ni shamba la mtemi mwenyewe.

Likabaki jambo moja. Injinia alitaka mfereji mpana wa kutolea maji ya ziada lambo likijaa, na mahali pazuri pa kuupitisha palikuwa kwenye shamba la mtama la bibi.

Bibi alikataa. "Shamba hili nalilima tangu nilipoolewa. Maji yakipita hapa, mimi na mtoto huyu tutakula nini?"

Mwanangwa alitaka kumwamuru. Injinia akamzuia, akasema hatachukua shamba la mama kwa nguvu. Akachimbisha mfereji mwembamba pembeni, kisha akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mvua ya kawaida, sawa. Mvua kubwa, sijui." Mpaka leo sijaamua kama alifanya vema.

Masika yaliyofuata alirudi na mjomba kuliangalia lambo likijaa. Siku za kwanza ilikuwa furaha tupu, tulichota maji karibu na nyumba zetu, tukayamwaga kwa kucheza. Kisha ikaja ile mvua iliyoshinda na kulala.

Asubuhi hiyo nilikuwa na bibi shambani, tunainua mtama ulioangushwa na upepo. Tukamsikia mjomba anaita kutoka bondeni. Tulipofika, Injinia alikuwa amepiga magoti chini ya tuta, mahali maji yalipokuwa yakichuruzika. Alikinga kikombe cha bati, akatuonyesha. "Jana yalikuwa meupe," alisema. "Leo yana udongo. Tuta linaliwa ndani." Juu yetu maji yalikuwa karibu na ukingo, na mfereji ule mwembamba ulikuwa umefurika hadi juu.

Chini ya tuta palikuwa na miji, yaani kaya, ya watu wengi. Mke wa mjomba alikuwa humo, amejifungua karibuni. Mwanangwa akapiga mbiu, wakaanza kutoka na watoto mgongoni, kuku mkononi, wazee wakishikwa bega.

Injinia akamwendea bibi. Kofia alikuwa ameivua.

"Mama, naomba shamba."

"Tuta litavunjika?" bibi aliuliza.

"Linaweza."

"Linaweza, au litavunjika?"

"Sijui, mama. Nikisema najua, nimekudanganya."

Bibi alimtazama. "Lingekuwa la mama yako?"

"Ningelia naye. Halafu ningelikata."

Mtama ulikuwa umetoa masuke, punje bado zina maziwa ndani. Bibi alichukua jembe mikononi mwa mjomba, akaangusha mstari wa kwanza yeye mwenyewe. "Anzieni hapa," alisema. "Na msisimame."

Hawakusimama. Nusu yao walichimba mfereji mpana kupita kwenye mtama, wengine walijaza udongo kwenye magunia ya pamba na kuyapanga chini ya tuta, Injinia akiwa kati yao, tope hadi kifuani. Kipande cha ukingo kikamomonyoka, watu wakapiga kelele na kukimbia. Yeye na mjomba wakabaki pale wamekandamiza magunia kwa migongo yao. Mwanamke mmoja akarudi, kisha mwingine, kisha wote. Hapo mfereji ukafunguka. Maji yaliingia shambani kwa mngurumo kama wa kundi la ng'ombe waliotishwa, ndio huo ninaoutegea sikio mpaka leo, yakaubeba mtama wote, yakaubeba na udongo wake. Bibi alisimama palepale akitazama. Mimi nililia kwa ajili yake.

Tuta lilisimama. Mvua ilipokatika jioni, maji yalikuwa yameshuka chini ya ukingo, na Injinia alikaa kwenye tope hawezi kushika hata bakuli la uji, jinsi alivyochoka. Bibi akamshikia.

Mwaka ule hatukuvuna. Watu wa bondeni walituletea mtama, kila mji kwa kadiri yake, na mwanangwa akampa bibi shamba jingine mlimani. Kiangazi Injinia alirudi, wakaujengea mfereji kwa mawe, na bibi ndiye aliyewaonyesha pa kupita. Siku hizo alikuwa anamwita ng'wanawane, mwanangu. Vile vita vikubwa vya Wazungu vilipoanza akaitwa kwao, hatukumsikia tena.

Bibi hayupo, mjomba hayupo. Lambo lilijaa matope miaka mingi iliyopita, na vijana wamejenga humo nyumba za bati. Nilipokwenda matangani mwaka jana, mwenye nyumba mmoja alinilalamikia kwamba sakafu yake haikauki. Nikamwambia hapa palikuwa na maji ya kijiji kizima.

"Nani aliyaleta, bibi?"

Nikaanza kumtajia, huyu na huyu, na vikapu, na ng'ombe waliolishindilia tuta. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha mkewe akamwita ndani, naye akaniaga, nami nikamalizia kuwataja peke yangu.