Hirizi ya Kifundoni

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tano, tukiishi Boko, na kitu nilichokiogopa kuliko fimbo ya mwalimu ni vifuu vya nazi vilivyotupwa njia panda. Bibi alituambia ukikanyaga kifuu pale, umekanyaga ugonjwa wa mtu mwingine na utauchukua wewe. Siku moja nikitoka shule nilijaribu kukiruka, nikatua juu yake, mguu ukateguka. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijua nimekwisha.

Uvimbe ulipungua kidogo, lakini wayo ukaanza kuwaka kama nimekanyaga makaa, na vidole vikafa ganzi. Bibi hakuwa na shaka. Vifuu vile vilitoka kwa jirani yetu Mama Zuhura, muuza vitumbua, ambaye binti yake alikuwa rafiki yangu.

"Mie nimroge mtoto huyu?" Mama Zuhura alisema uani kwetu, mikono imejaa unga. "Ningekuwa najua uchawi, si ningeanza na vitumbua vyangu visiungue?"

Watu walicheka. Asubuhi iliyofuata hawakununua.

Bibi akaleta hirizi kutoka kwa mganga wa Kawe, kitu kigumu kilichoshonwa ndani ya kitambaa cheusi. Akaifunga nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, fundo akalikaza kwa meno.

"Usifungue, mjukuu wangu. Ikilegea tu, uchawi utarudi."

Kila ilipolegea alikaza. Kila alipokaza, moto ulizidi, naye akasema uchawi unapigana. Nikashindwa kutembea mpaka shule. Watoto wakipita dirishani waliimba, "Kakanyagishwa, kakanyagishwa!" Zuhura hakuwa miongoni mwao. Hakuja tena kabisa.

Mwisho Mama alichoka kunisikia nikilia, akanipeleka hospitali. Bibi alitufuata. Daktari alinigonga taratibu kwa kidole pembeni ya ile hirizi, nikahisi shoti ya umeme hadi vidoleni.

"Hapa kuna mshipa wa fahamu," alisema, "unapita kwenye njia nyembamba. Alipoteguka palivimba, njia ikabana. Sasa nani kamfunga juu yake?"

"Ni kinga, mwanangu," Bibi akajibu.

"Bibi, kinga hii ndiyo inayomkaba."

Akaikata kwa mkasi. Nilipewa dawa, viatu vyenye soli ya kunyanyua wayo, na mazoezi ya kuvuta mguu kwa kanga. Moto ulizimika polepole. Ganzi ya vidole viwili haikuondoka, kwa sababu tulichelewa. Shule nayo ilikuwa imeniacha mbali. Nilirudi kidogo, nikaachia njiani.

Mama Zuhura alikuwa ameshahama. Mwaka huu nilimwona sokoni, akiuza nazi. Nikamwamkia. Aliutazama mguu wangu kwanza, ndipo akaitikia marahaba.

"Ulikuwa mshipa tu," nikamwambia.

"Mie nilijua si mie," alisema. "Kamwambie bibi yako."

Nilimwambia. Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Hirizi ndiyo iliyokuponya," alisema. "Dawa ya hospitali ilimalizia tu."

Nampenda Bibi, na najua alinifunga kwa kunipenda. Ndiyo maana sina wa kumkasirikia. Jioni nikikaa kwenye mkeka kuvuta mguu wangu kwa kanga, yeye huniuliza kama nataka anisaidie kufunga. Namwambia hapana, Bibi, najifunga mwenyewe.