Mwaka Tulioomba Mashine ya Mbegu

Mama mmoja kutoka Subukia aliingia ofisini kwangu asubuhi moja ya Mei, akafungua mfuko wa karatasi na kumwaga mbegu za mahindi juu ya meza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa mjane wa makamo mwenye ekari tatu, na alizungumza polepole, kama mtu ambaye alishalia nyumbani akamaliza.

"Hizi ndizo zilizobaki," akasema. "Zingine nilipanda. Mvua ikanyesha vizuri, na shamba likabaki jekundu tu."

Mimi ni mkaguzi wa mbegu. Kwa zaidi ya miaka kumi nimefanya kazi Nakuru, katika tawi la mamlaka ya serikali ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba mbegu inayouzwa dukani ni mbegu kweli, si mahindi ya kusaga yaliyopakwa rangi. Nilichukua mbegu zake, nikazitia kwenye bahasha na kujaza fomu. Hatukuwa na mashine ya kuzipima. Kila sampuli ilipelekwa Nairobi, ikapanga foleni pamoja na za nchi nzima.

"Majibu nitayapata lini?"

"Wiki sita. Labda saba."

"Wiki saba mahindi ya jirani yatakuwa yananifika kiunoni, afisa."

Majibu yalipokuja, mbegu zilikuwa mbovu kama alivyosema, na mwenye duka alikuwa ameuza mifuko yote na kufunga duka.

Mwaka huo niliamua kuandika mwenyewe maombi ya bajeti ya tawi letu. Mkubwa wangu alikuwa amebakisha miezi michache astaafu, akaniachia kazi hiyo kwa furaha. Niliomba vitu vitatu tu: mashine ya kuoteshea mbegu, ambayo ni kabati kubwa linaloshika joto na unyevu sawasawa, mtaalamu mmoja wa kuiendesha, na mafuta ya kutosha ili pikapu yetu ifike madukani kabla ya msimu. Niliandika kwa uangalifu kwamba vitu hivyo vinakwenda pamoja. Maombi yalipanda makao makuu, yakapita wizarani, Hazina ikayapunguza kidogo, kisha yakaenda kwa wabunge. Mimi niliamini kwamba hapo kwa wabunge ndipo tungesikilizwa. Wao si ndio wanaotoka kwa watu?

Mkurugenzi wa mamlaka yetu aliniita Nairobi nifuatane naye mbele ya kamati ya Bunge. "Wewe unajua mambo ya mashambani," akaniambia. "Keti nyuma yangu. Nikigeuka, nipe karatasi."

Tuliitwa kwa saa nne asubuhi, tukaingia karibu saa saba, kwa sababu taasisi iliyotutangulia ilikuwa na matatizo makubwa kuliko yetu. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mwenyekiti alikuwa mtu mchangamfu, mwenye heshima zake. Mkurugenzi alianza kusoma taarifa yetu, mwenyekiti akainua mkono.

"Hayo tumeyasoma, mkurugenzi. Twende kwenye vifungu."

Kitabu chetu cha maombi kilikuwa mbele yake, bado kimefungwa kwa nailoni kama kilivyotoka kwa mpiga chapa.

Mheshimiwa mmoja akauliza kwa nini kaunti yake haina ofisi yetu. Mkurugenzi akamweleza kwa upole kwamba kule watu wengi hufuga, na maduka ya mbegu ni mawili matatu tu.

"Wanaofuga hawalipi ushuru?" mheshimiwa akauliza. Wenzake wakacheka, na mwenyekiti akaandika kitu. Tulitumia muda mwingi kwenye ofisi hiyo: itakuwa wapi, itakuwa na wafanyakazi wangapi, itafunguliwa lini. Nilitazama saa ya ukutani, nikaona dakika zetu zikiisha kwa jambo ambalo hatukuliomba.

Kisha mbunge mwanamke aliyeketi karibu na mlango akauliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu asubuhi. "Mkulima akipeleka mbegu Nakuru leo, anajibiwa lini?"

Mkurugenzi akageuka. Nilimpa karatasi, lakini mbunge yule akasema, "Huyo aliyeshika karatasi atueleze."

Nilisimama. Niliwaeleza habari ya yule mama, shamba lake lililobaki jekundu, na majibu yaliyokuja duka likiwa limefungwa. Nilikuwa nimemaliza kuhusu mashine, na nilipotaka kuanza kuhusu mtaalamu, kengele ikalia kuwaita wabunge ukumbini kupiga kura. Walianza kusimama wote pamoja, wakikusanya simu na miwani.

"Tumewaelewa," mwenyekiti akasema, naye akiwa amesimama tayari. "Kifungu cha mashine kibaki. Hivi vingine vya Nakuru tuvipunguze, maana lazima tupate pesa za ile ofisi mpya."

"Mheshimiwa mwenyekiti, mashine bila mtaalamu..." mkurugenzi akaanza.

"Mtaomba kwenye bajeti ya ziada."

Yule mbunge mwanamke alinigusa bega akipita. "Umeongea vizuri," akasema. "Niandikie barua." Nilimwandikia mara mbili.

Naona aibu kusema kwamba nilirudi Nakuru nikiwa na furaha. Nilimpigia mama wa Subukia nikamwambia tumepata mashine. Akaniuliza itaanza lini, nami nikamwambia kabla ya mvua ndefu.

Mashine ilifika Februari ndani ya sanduku la mbao. Wanaume sita waliibeba wakaiweka kwenye ukumbi mdogo mbele ya ofisi yangu, kwa kuwa haikupita mlangoni. Pikapu ilikuwa imeegeshwa tangu kabla ya Krismasi kwa kukosa mafuta. Mtaalamu hakuwepo, wala hakuwa anakuja. Bajeti ya ziada ilipotoka, nayo ilitupunguzia tena.

Yule mama alikuja Machi na mbegu za msimu mpya, safari hii akitaka zipimwe kabla hajapanda. Akasimama mbele ya sanduku.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Mbona imefungwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya mbao.

"Yaani hakuna aliyewauliza ni nani ataiwasha?"

"Nilitaka kulisema."

"Ulisema?"

"Kengele ililia."

Kisha akachukua mbegu zake akaenda zake, na sikumlaumu.

Mwaka uliofuata sikuitwa Nairobi. Nilifuatilia kikao kwenye simu, nikiwa kwenye kantini, sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, ikipoa mbele yangu. Mbunge mmoja, ambaye mwaka uliotangulia kiti chake kilikuwa kitupu, akauliza kwa nini Nakuru inaomba pesa zaidi wakati mashine waliyonunuliwa haijatumika hata siku moja. "Tusipeleke pesa mahali zinapolala," akasema. Wenzake wakakubali. Ombi letu la mtaalamu likafutwa papo hapo, kwa sababu ileile iliyotufanya tuliombe. Nilitamani kuingia ndani ya ile simu. Ila ningemshika nani? Hakuna aliyeiba. Kumbukumbu za vikao zilikuwa sawa, sahihi zilikuwa mahali pake, na kila mtu alikuwa amefuata utaratibu.

Ile ofisi mpya ilifunguliwa. Nilipiga simu huko siku moja kuulizia fomu, akapokea kijana mpole aliyenieleza kwamba yeye ni mtaalamu wa maabara.

"Unapima nini huko?" nikamuuliza.

"Bado sijaletewa kitu, madam. Huwa napanga faili."

Niliandika makao makuu nikaomba ahamishwe Nakuru. Jibu lilikuja kwa haraka isiyo ya kawaida: nafasi ile imepitishwa na Bunge kwa ajili ya kaunti ile, na haiwezi kuhama mpaka Bunge lenyewe liihamishe. Nilimsomea kijana barua hiyo kwenye simu. Akasema ana siku zake za likizo.

Alikuja Februari kwa gharama yake, akalala kwa shangazi yake, mtaa wa Bondeni. Tulibomoa sanduku, tukang'oa mlango wa ofisi yangu ili mashine ipite, na fundi wa umeme wa mtaani akavuta waya mpya, tukamlipa sisi wawili. Siku ya nne taa yake ya kijani ikawaka. Nilituma ujumbe Subukia na Rongai, watu wakaanza kuleta mbegu kwenye vibahasha, vikopo, hata kwenye soksi safi. Mama yule alikuja na za kwake na za majirani wawili. Za kwake zilikuwa nzuri. Za jirani mmoja zilikuwa mbovu, akazirudisha dukani kabla hajachimba hata shimo moja, na mwenye duka akambadilishia bila maneno mengi.

Wiki ya tatu likizo ya kijana iliisha. Foleni ilikuwa bado ipo, watu tisa wakiwa wameketi kwenye ngazi. Alinifundisha kadiri alivyoweza, lakini sheria inataka sahihi ya mtaalamu, na mimi si mtaalamu. Nilitoka nikawaambia watu wa kwenye ngazi kwamba sampuli zao zitakwenda Nairobi.

"Wiki ngapi?" mzee mmoja akauliza.

Nikamwambia. Akainuka, akakung'uta suruali yake, akaondoka na kopo lake la mbegu. Nami nikaketi nikaanza kujaza fomu za wale wanane waliobaki.