Boga la Lalji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Mambo ya Mungu hayasomwi mtu amelala chali, simu juu ya uso. Mimi sikusoma sana, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Mkitaka kucheka, chekeni, maana siku ile hata mimi nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka.

Nyumbani kwetu Kasese tuna Lalji. Ndivyo sisi Wagujarati tunavyomwita Krishna akiwa mtoto. Wetu ni wa shaba, mdogo kama ngumi, anatambaa, na mkononi ameshika donge la siagi. Mama mkwe wangu alinikabidhi tukiwa bado Kilembe. Wahindi tulipofukuzwa nchi hii, Lalji alifukuzwa pamoja nasi, akarudi pamoja nasi. Si pambo la kabatini. Kila asubuhi anaamshwa, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, na jioni analazwa, kama mtoto wa watu.

Kazi hiyo niliifanya mwenyewe miaka yote. Sasa vidole vimekakamaa. Vifungo vya nguo zake ni vidogo kama punje za uwele, sivishiki tena. Mwanangu na mke wake wanashinda dukani. Basi nikasema wazi mezani: kama hakuna wa kumhudumia, Lalji asikae hapa kukusanya vumbi. Apelekwe hekaluni Kampala, makuhani watamtunza. Mwanangu akakubali upesi mno. Akasema Jumamosi kuna gari la mizigo, atakwenda nalo.

Binti yake, mjukuu wangu, alikuwa amemaliza shule ya bweni na kurudi nyumbani kabisa. Akaweka kijiko chini.

"Ba," akaniita, yaani bibi kwa lugha yetu, "mimi nipo. Kwa nini aende kwa wageni?"

"Wewe? Kigujarati chenyewe unakiongea kama mtu anayetafuna mchanga."

"Lalji hajawahi kunilalamikia."

Mdomo anao, huyo. Nikampa asubuhi moja. Atafanya kila kitu peke yake, mimi nitakaa nje ya pazia. Akiharibu, Jumamosi Lalji anapanda gari. "Na bhog utafute mwenyewe," nikamwambia, na meno yangu yale yasiyotulia. "Nenda soko la mpakani na mama wa jikoni." Huyo ni mama wa Butembo anayenisaidia kupika, Mkatoliki, rozari haimtoki shingoni.

Bhog ni chakula anachotengewa Mungu kabla mtu yeyote hajakigusa. Nilidhani mtoto analijua neno hilo.

Jioni walirudi kutoka soko hilo la Bwera. Mjukuu akaingia mlangoni amekumbatia boga. Boga, jamani! Boga la kujaza karai!

"Nini hiki?"

"Boga, Ba. Si ulisema boga?"

Mwanangu alishika ukuta kwa kicheko. "Nilijua tu! Mama, kesho mletee Lalji na jembe, akalime mashamba ya Karambi!" Hapo ndipo na mimi kicheko kiliponishinda.

Mama wa Butembo akasimama katikati, mikono kiunoni. "Musimucheke mutoto! Ye njo alisema Mungu yenu anataka boga. Tulizunguka soko muzima! Kila boga anasema hii imelala chini, hii mbuzi iliigusa. Mpaka mama wa kuuza akamuuliza, 'Weye, unanunua boga ama unachagua bwana?'"

Mjukuu machozi yalikuwa pale pale karibu, lakini boga hakuliweka chini.

"Kwani boga Lalji anakataa?" akaniuliza.

Nikafikiri. Kitunguu anakataa. Saumu anakataa. Nyama hata haitajwi. Boga?

"Hakatai," nikasema.

"Basi nitampikia boga."

Kulipokucha nilikuwa kitini nje ya pazia, moyo unanienda mbio kama bibi harusi. Nilingoja wimbo wa kumwamsha, ule wa Kigujarati niliomfundisha. Baba yake huuimba kama anayesoma risiti. Wimbo sikuusikia. Nilisikia hivi:

"Amka, baba. Kumekucha, wewe. Maji yamepata moto, usinisumbue."

Kiswahili! Nikashika mkongojo nisimame nikamkemee.

"Ngoja kwanza nipime. Hayaunguzi. Haya, funga macho. Na masikio, ona uchafu huu! Usilie, tumemaliza."

Nikachungulia pembeni mwa pazia. Alikuwa anapima maji kwa kiwiko, kama tunavyowapimia vichanga. Hilo sikumfundisha mimi! Nikakaa tena. Mama mkwe wangu alikuwa akiongea na Lalji vile vile, kwa Kigujarati chake cha shamba, akimgombeza na kumbembeleza kwa pumzi moja. Na mimi naongea naye hivyo hivyo, mlango ukiwa umefungwa.

Kisha akaingia jikoni. Boga, maziwa, samli, sukari guru, iliki. Harufu ilifika barabarani. Mama wa Butembo akachota kijiko apeleke mdomoni.

"Weka chini!"

"Kidogo tu, nijue kama sukari iko."

"Hata mimi sijaonja. Wa kwanza ni yeye."

"Eeh! Huyu haiko mutoto, huyu ni afande!"

Nilitaka kupiga makofi. Nikajizuia, nikakunja uso wangu wa kila siku.

Akamtengea Lalji, akavuta pazia, sisi wengine tukangoja nje, hata mwanangu aliyekuwa amechelewa kufungua duka. Kengele ikalia. Akatoka na sahani, akatugawia viganjani. Iliki ilizidi. Nilimwambia hivyo, kisha nikanyoosha kiganja tena. Mwanangu, yule aliyecheka, alikwangua sufuria mpaka ikapiga kelele.

"Sasa, Mama," akasema, bado analamba vidole, "gari la Jumamosi je?"

Nikagonga mkongojo sakafuni.

"Gari liende na mizigo yako. Lalji haendi popote. Huyu atajifunza wimbo, nitamfundisha tena. Na nyote mnisikie: kuanzia kesho, chai haichemshwi ndani ya nyumba hii mpaka huyu binti atoke nyuma ya pazia. Mwenye kiu anywe maji. Hata mimi."