Mguu Usiokuwa Kwenye Orodha

Ofisini walimwita Milimita. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, siku aliyomrudishia mhandisi mchoro kwa sababu ya milimita tatu. Mhandisi, ambaye njaa ya mchana ilikuwa imeshampanda kichwani, aliuliza ni nani huyu anayegombana na kitu kisichofika hata upana wa kucha. Wenzake wakacheka, jina likamganda. Hakukasirika. Kimoyomoyo alilipenda, maana lilisema kwamba yeye si mtu wa kulipualipua kazi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mume fundi umeme na watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kuchora viwanda kwenye kompyuta kabla havijajengwa, bomba kwa bomba na ngazi kwa ngazi, mpaka mtu akikaa kando yake aweze kutembezwa ndani ya jengo ambalo kwa wakati huo ni kiwanja cha magugu.

Aliyemtia hamu ya kazi hiyo ni baba yake mdogo. Baba mzazi alipofariki, Milimita akiwa darasa la sita, huyu mdogo wa baba ndiye aliyembeba, yeye na madaftari yake. Alikuwa fundi mkuu wa mabomba. Wakati wa likizo alimpeleka karakana, akamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamwonyesha jinsi bomba linavyokatwa, linavyopindishwa na linavyoshikiliwa.

"Bomba ni kama mtu mvivu, mwanangu," alimwambia. "Usipolishikilia, linalala."

Basi ikaja kazi ya kiwanda cha sabuni. Milimita akawa mmoja wa wachoraji, na baba mdogo, kwa bahati njema, akapewa kuongoza mafundi wa kufunga mabomba. Nyumbani walitaniana kwamba safari hii ukoo mzima umehamia kwenye sabuni.

Ijumaa moja wenye kiwanda walikuwa wanakuja saa tisa kuiangalia modeli kwenye skrini kubwa. Saa nane kasorobo Milimita akagundua kwamba kona moja ya bomba la maji ya moto, pale linapotoka kwenye pampu na kupinda kwenda juu, haijashikiliwa na kitu chochote. Bomba lililonyooka halisumbui: unaligusa, unachagua kishikizo, kinakaa. Kona ni habari nyingine. Haina pa kukalia. Inabidi ichomelewe kipande cha bomba kwa chini, kishuke mpaka sakafuni kama mguu, na chini yake bamba la chuma. Akaichagua kona, akachagua mguu, programu ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Ukubwa ule wa mguu haukuwemo kwenye maktaba ya vifaa, na mtunza maktaba, aliyekuwa na ofisi mji mwingine, alihitaji siku mbili kuuingiza.

Milimita akatazama saa. Akachora mcheduara, umbo la kipande cha bomba, akauweka chini ya kona, akachora kibamba, akavipaka kijivu. Umbo tupu. Kwa macho ulikuwa mguu kamili, lakini programu haikuutambua, kwa kuwa haukuwa na namba wala jina. Na karatasi wanazopelekewa mafundi hutolewa na programu yenyewe, na isichokitambua haikiandiki.

"Nitaurudia Jumatatu," alijiambia.

Wageni walisifu. Jumatatu kukaja bomba jingine, Jumanne kikao, na mguu ule ukafutika kichwani mwake kama ndoto ya alfajiri.

Miezi minane baadaye, siku ya kujaribu mitambo, pampu ikawashwa. Bomba likatetemeka, kona ikalala kidogo, maungio yakaachia. Baba mdogo alikuwa amesimama pale pale, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuwatuma wenzake mahali asipothubutu kwenda mwenyewe. Maji ya moto yalimuunguza mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika siku nne baadaye. Mhandisi aliifungua modeli kwenye skrini ya ukutani, akaikuza kona ile.

"Mguu huu hapa," alisema. "Kwenye modeli upo, kwenye jengo haupo. Kwa hiyo mafundi waliuruka."

"Mzee anasema kwenye karatasi yake haukuwepo," msimamizi wa ujenzi alijibu.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Ililowa siku ile ile, ikachanika."

"Karatasi inatoka kwenye modeli," mhandisi akasema. "Kilichomo humu ndicho kilichomo kule."

Milimita alikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni. Aliuona mguu wake, ule wa kijivu, umesimama ukutani mkubwa kama mtu, ukitoa ushahidi wa uongo dhidi ya baba yake mdogo. Angekuwepo mtu wa kuugusa tu kwa kipanya, angeona kwamba hauna namba. Hakuna aliyeugusa. Alifungua mdomo, akasikia mhandisi akisema, "Tuendelee," akaufunga.

Baba mdogo akasimamishwa kazi kwa barua.

Wiki tatu zilizofuata Milimita alikwenda kwake karibu kila siku. Alimpelekea dawa na kumpaka mkononi, alimfulia mama mdogo, mke wa mzee, mashuka, aliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Mama mdogo alimwombea baraka. "Wapo wanaozaa na hawapati mtoto kama wewe," alisema, na Milimita akageukia ukuta, akajifanya anatafuta kitambaa. Kila akivuka kizingiti alikuwa amekata shauri kwamba leo ni leo, na kila alipotoka alikuwa hajasema. Nyumbani aliacha chakula kwenye sahani. Mume wake alimuuliza anaumwa nini. Akasema kichwa.

Kisha baba mdogo akaomba apelekwe kwa daktari wa macho.

"Macho yamekwisha," alisema. "Wanasema mguu ulikuwepo kwenye karatasi. Mimi niliisoma ile karatasi mara tatu, sikuuona. Afadhali nijue."

Jumamosi asubuhi Milimita alimpeleka. Mzee alisoma herufi ukutani, kubwa mpaka ndogo, kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Daktari akamwambia kwamba kwa umri wake macho yale ni ya kuonewa wivu. Miwani ya kusomea, basi. Milimita alidhani angefurahi. Walipotoka, mzee alikaa kwenye benchi la nje, mkono wa bandeji juu ya paja, akainamisha kichwa.

"Basi ni akili," alisema polepole. "Macho ni mazima. Maana yake akili ndiyo inaondoka."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nisikilize. Nakumbuka kabisa nilisimama pale nikashangaa, kona nzito namna hii inakosaje mguu? Nikataka kuuliza. Halafu nikajiambia, aliyechora ni mwanangu, yule hasahau kitu, lazima ana hesabu zake. Nikalifunga bomba. Sasa wanasema mguu ulikuwepo. Kwa hiyo nilisoma nini? Nilishangaa nini? Bibi yako naye alianza hivi hivi, alikuwa anaona visivyokuwepo."

Hapo Milimita hakuweza tena.

"Haukuwepo," alisema.

"Nini?"

"Mguu. Kwenye karatasi yako haukuwepo. Uliona sawasawa." Akamweleza yote: Ijumaa ile, programu kukataa, umbo tupu, Jumatatu isiyofika, kikao. Alieleza akitazama viatu vyake.

Mzee aliuliza kifundi.

"Hata kwenye orodha ya kukata vyuma?"

"Hata kwenye orodha."

"Kwa hiyo akili yangu nzima."

"Nzima, baba."

Alishusha pumzi iliyotoka mbali, akatabasamu kweli kweli, uso wote ukafunguka. Kisha tabasamu likaondoka taratibu, na Milimita aliliona likiondoka.

"Wiki tatu," mzee alisema. "Umeshika mkono wangu huu ukiupaka dawa, wiki tatu, unaniacha nijione mwendawazimu?"

"Nisamehe, baba."

"Kuunguzwa ni kazi. Kazi ya moto ina moto wake. Lakini hili..." Hakumalizia. Alisimama. "Nitakwenda nyumbani mwenyewe."

Jumatatu Milimita alijikaza kisabuni, akaingia kwa mhandisi kabla hajaketi. Aliifungua modeli, akaugusa mguu, akamwonyesha mahali ambapo namba ingekuwepo. Akatoa karatasi upya: kona, maungio, pampu, mguu hakuna. Mhandisi alijikuna shingo. Naye alikuwa ametia sahihi mchoro ule.

"Tunaweza kusema programu ilikosea," alisema. "Watu watatuelewa."

"Programu ilikataa," Milimita akajibu. "Mimi ndiye niliyeizunguka. Naomba iandikwe hivyo, na jina la baba yangu mdogo lisafishwe mbele ya wale wale waliokuwepo."

Iliandikwa. Mzee alirudishwa kazini kwa barua nyingine, na msimamizi wa ujenzi akamwomba radhi mbele ya mafundi wake. Milimita alipewa onyo la maandishi na akaondolewa kwenye uchoraji kwa miezi sita; kazi yake ikawa kukagua kona za wenzake, moja moja, kutafuta miguu isiyo na namba. Katika kiwanda kile kile alikuta mingine minne, ya watu wengine. Haikumpunguzia kitu.

Mama mdogo hakumsemesha miezi miwili, halafu akamsemesha kama zamani, ghafla, kuhusu bei ya nyanya. Mzee alichukua muda zaidi. Alimwitikia shikamoo, alipokea simu, lakini lile neno "mwanangu" lilichelewa kurudi. Na kila alipopelekewa michoro alikuja ofisini mwenyewe, akavaa miwani yake mipya, akaomba aonyeshwe orodha. Milimita alimfungulia, akampisha kiti.

Mkono ulipona, ila vidole viwili havifungi vizuri. Siku ya mahafali ya mtoto wa Milimita, wakiwa wote mezani, mzee alishindwa kufungua chupa ya soda, akampa aliyeketi kando yake bila kukatiza hadithi aliyokuwa akisimulia. Milimita alimtazama. Mzee akamwona.

"Usinitazame hivyo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kula."

Milimita alichukua kijiko, akala, ingawa chakula hakikuwa na ladha yoyote mdomoni mwake.