Ski Pana na Mzigo wa Viazi

Nikitaka kujua nani mwongo, nageuza ski zake, zile mbao za kutelezea thelujini, nitazame chini. Baada ya likizo ya kanivali wateja wanaingia dukani, nyuso zimeungua jua isipokuwa pale miwani ilipokaa, wanaziweka ski mezani na kumwambia patron, mwenye duka, "Tulipata theluji ya kiunoni!" Patron anaitikia, anacheka nao. Kisha ski zinateremshwa kwangu kwenye kave, chini ya duka, nami nazilaza kifudifudi. Theluji ya kiunoni haili chuma. Ukiona ski pana, zile za milimita mia moja na kumi na tano chini ya kiatu, na kingo zake za chuma zimelika upande wa ndani tu, ujue mwenyewe alishinda wiki nzima kwenye njia ngumu iliyosagwa na mashine, anapigana na magoti yake. Kwenye njia ngumu ski pana ni kama mtu mnene kwenye kitanda cha mtoto: kila kujigeuza ni safari. Huyo alinunua kwa ajili ya picha.

Mimi nanoa, napaka nta, sisemi kitu. Huu ni mwaka wangu wa tano kwenye kave hiyo, upande wa Woluwe, haina dirisha. Sekondari nilimaliza hapa hapa Brussels. Sikuendelea kwa sababu nilipata mimba, na aliyenipa mimba akapata namba mpya ya simu. Binti yangu sasa ana miaka sita.

Kupaka nta nilikujua kabla sijafundishwa. Baba yangu alikuwa mtu wa chukudu. Kwa asiyejua Goma: chukudu ni kama baiskeli ya mbao tupu, haina kiti wala kanyagio, magurudumu mawili ya mbao yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Baba aliisukuma hadi Kibumba, akapakia viazi, akashuka nayo mpaka mjini. Kila asubuhi alipaka grisi kwenye ekseli, na mimi ndiye niliyeshika kopo. Magurudumu yake aliyachonga mapana kuliko ya wenzake. Walimcheka: "Papa, umefunga masufuria?" Lakini barabara ile ina sehemu za changarawe nyeusi ya volkano, laini, inameza. Magurudumu membamba yalizama, wenzake wakasukuma kwa jasho na matusi, yeye akapita juu. Aliniambia, "Udongo laini hautaki kisu. Unataka sahani."

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kushuka naye. Alisimama nyuma ya magunia, matako yamerudi nyuma kabisa, mguu wa kulia juu ya kipande cha mpira kilichokuwa breki, na ile chukudu ikashuka ikilia kama ndege mkubwa. Nilikimbia nyuma hadi pumzi ikaisha. "Mutoto mwanamuke hapandi chukudu," alisema. Nilikuwa na miaka kumi na moja tulipoondoka Goma, mama na mimi. Baba alibaki. Sikuwahi kushuka.

Sasa, kwenye kave yetu kuna ski za kijani. Ni za duka, za kujaribia, mia na kumi na tano, ncha zimekunjwa juu mapema kama ulimi wa kiatu. Hakuna anayeziazima, Brussels hii ya mvua na lami. Lakini kila wiki nilizipaka nta. Kila wiki! Nilipozishika mara ya kwanza na kuona upana ule, nilisikia sauti ya baba: sahani. Toka siku hiyo nilizitaka mwilini, sijui niseme vipi. Nilitaka kusimama juu yake, mahali theluji ni laini inayomeza, nione kama zinapita juu.

Na njia ya kufika huko ilikuwepo. Kila Januari patron anachukua watu wanne wa duka kwenye gari, wanakwenda milima ya Ufaransa siku tano kujaribu ski za msimu unaofuata. Duka lina desturi: asiyejaribu ski hapandi juu kuongea na wateja. Anabaki kwenye kave.

Mwaka wa kwanza nilipoomba, patron alisema, "Lakini kwenu hakuna theluji."

"Na hapa Brussels iko wapi?" nikamuuliza.

Alicheka. Hakunipeleka.

Mwaka uliofuata alisema, "Una mtoto mdogo." Yeye wake alikuwa bado anatambaa. Alikwenda, akaniletea jibini. Jibini! Nililila kwa hasira, nasema ukweli, na lilikuwa tamu.

Sikukaa kusubiri. Jumapili baada ya ibada nilipanda treni hadi kwenye ukumbi mmoja wa theluji ya ndani, jengo kama ghala lenye mteremko, baridi ya friji. Misimu miwili nilijifunza kule kwa ski nyembamba za kuazima. Theluji ya ukumbini ni ngumu, fupi, imechoka. Nilijua kugeuka, nilijua kusimama. Lakini laini ile inayomeza haikuwepo.

Mwaka wa tatu ulianza na mteja. Nilikuwa nimepandisha ski juu, nikakuta patron anamhudumia mama mmoja, daktari wa meno, anayetaka jozi moja ya kufanyia kila kitu. Patron alikuwa amemwonyesha jozi pana kama zile za kijani.

"Hizi zinapita popote," anasema.

"Si kweli," nikasema. Nilisema kwa Kifaransa, na kwa sauti.

Wote wawili wakageuka. Yule mama akauliza, "Si kweli vipi?"

"Theluji laini, ya magotini, sawa. Zitakubeba. Ikishakatwakatwa na watu, bado sawa kama ski ni ngumu na una miguu. Zikiwa nyepesi zitakurusharusha. Ikiwa nzito kama saruji mbichi, utageuka polepole, utachoka. Kwenye ukoko, yaani juu imeganda na chini laini, ndipo utakapojua kama unajua. Na kwenye njia ngumu ya asubuhi utatukana ukoo wa aliyekuuzia."

Yule mama akacheka. "Wewe unazipenda zipi?"

"Hizo hizo pana."

"Umezijaribu?"

"Bado, madame. Muulize yeye kwa nini."

Patron akawa mwekundu hadi masikioni. Yule mama alinunua jozi ya katikati, milimita tisini, ndiyo iliyomfaa. Jioni patron alishuka kwenye kave, kitu asichofanya, akasimama mlangoni na kusema, "Januari. Tafuta wa kumwachia mtoto. Na mdomo huo uuache hapa."

"Mdomo unakuja," nikasema.

Mama yangu anakaa hapa mjini, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilipomweleza aliacha majani mikononi.

"Alors, weye ulikimbia risasi, ukafika huku na miguu yote mbili, sasa uko natafuta pahali pa kuivunjia?"

"Maman, ni kazi."

"Kazi ya kuteleza? Bon. Hata papa yako alisemaka ni kazi." Akatwanga kidogo. "Mutoto ulete na pijama yake. Na uombe mbele ya kuvaa ile mbao. Si nyuma, mbele!"

Binti yangu akataka nimletee theluji. Nikamwambia itayeyuka njiani. "Basi uniletee ya kuyeyuka," akasema.

Nilikwenda na ski za kijani. Nilizifunga kwa blanketi la binti yangu.

Siku mbili za kwanza tulijaribu nyembamba kwenye njia ngumu, na nilijaza fomu kama wenzangu. Usiku wa pili theluji ikaanguka. Asubuhi viti vinavyoning'inia kwenye waya vilikuwa na mito ya theluji, na mlima wote ulikuwa umefutwa. Patron alinitazama nikivaa zile za kijani. "Kaa karibu na njia," alisema tu.

Nikatoka kwenye njia, nikaingia.

Nataka nieleze hili vizuri kwa sababu nimelirudia kichwani hadi nahofia litachakaa. Kwanza, sauti ilikufa. Njia ngumu inakwaruza, inapiga kelele, hapa hakuna. Theluji ilifika magotini. Nilingoja kuzama na sikuzama. Ncha za kijani zikatoka juu mbele yangu zenyewe, polepole, kama ng'ombe anayeinua kichwa kutoka majini. Chini ya miguu hapakuwa na kitu, na kitu hicho kikanibeba. Nikasukuma kidogo kushoto, zikaenda kushoto. Kulia, kulia. Hazikuwa nzito tena, hazikuwa pana tena. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Sahani!" Nilikata kona kumi na moja. Nilizihesabu.

Halafu mteremko ukageukia upande ambao jua na upepo vilikuwa vimeuchezea kabla. Rangi haikubadilika. Miguu ndiyo iliyoniambia: juu kukawa na ukoko kama wa sufuria ya ugali, unavunjika hapa, hauvunjiki pale. Nikataka kupunguza mwendo. Mwili wangu ukafanya kile ulichokuwa unakijua tangu utoto: matako nyuma, nyuma kabisa, na mguu wa kulia, nakuapia, ukatafuta ile breki ya mpira.

Hakuna breki kwenye ski. Ncha zikanyanyuka, zikaacha kusikia, zikaenda moja kwa moja bila mimi. Nilianguka kwa ubavu, ukoko ukanikwaruza shavu, na ski moja ikapotelea chini. Patron na wenzangu wakaja, tukaitafuta kwa fimbo kama watu wanaotafuta kisima, hadi nikalia kwa hasira. Patron alikuwa amenichukua video yote kutoka kwenye njia. Tulipoipata ile ski, watu walikuwa wameshaukata mlima wote vipande vipande. Mchana upepo ukapanda, viti vikafungwa, na kesho yake pia. Tukarudi. Nilikuwa na chupa ya maji yaliyokuwa theluji. Binti yangu aliitazama, akaitikisa, akainywa.

Jumapili ile nilimtumia baba video, kisha nikampigia. Yuko Goma bado. Goti lilikufa, chukudu amemwachia mwingine. Nilisikia kuku nyuma yake, na akiangalia, na akirudia kuangalia.

"Ni weye huyo wa nguo ya bleu?"

"Ni mimi, papa."

"Unashuka vizuri, dis donc. Unashuka!" Akairudisha video mwanzo. "Lakini ju ya nini unakaa nyuma vile? Toka juu kabisa uko nyuma."

"Toka juu?"

"Angalia. Toka kona ya kwanza. Ile mbao yako inakusamehe tu, pale pa laini. Pahali pagumu inakatala. Nani alikufundisha kukaa vile?"

"Ni weye!"

Akacheka hadi akakohoa. "Mie, mama? Mie nilikuwa na magunia ya viazi mbele. Nikisimama katikati, chukudu inanitupa. Donc nilikaa nyuma. Weye uko na muzigo gani mbele?"

Nilimwambia mtandao unakatika.

Nilikasirika siku mbili. Nilimkasirikia yeye aliyeninyima kupanda, kwa maana ningepanda hata mara moja ningejua. Msichana aliyekimbia nyuma aliona matako ya baba yake tu. Magunia yalikuwa upande wa pili. Kisha nikafungua video tena kwenye kave. Alikuwa amesema kweli. Kona zote kumi na moja, zile ninazozipenda kuliko vitu vingi vilivyo hai, nimezikata nikiwa nimekaa kama mtu anayesukumana na magunia. Theluji laini na ski pana zilinisamehe. Kwa hiyo hata hizo sijazijua bado. Sijui zikoje ukisimama katikati.

Hilo ndilo linaloniuma sasa. Mvua inapiga uwanja wa Flagey, natembea na mtoto kati ya meza za soko, ananiomba waffle, nami nakanyaga lami nikipeleka uzito mbele, muundi kwenye ulimi wa kiatu ambacho sijavaa. Kwenye kave, mchana wenzangu wakila, navaa buti, nasimama juu ya ski za kijani sakafuni, nafumba macho. Katikati. Mikono mbele, haishiki kitu. Dakika moja, mbili. Miguu inataka kurudi nyuma, naikatalia. Ukumbini ukoko haupo, laini haipo. Ipo kule tu, na si kila asubuhi, na si kwa kila mtu.

Wiki iliyopita patron alibandika karatasi ya safari ya Januari, mistari minne mitupu, akasema tusikimbilie, ataamua mwenyewe mwezi wa kumi na mbili. Alipopanda juu niliandika jina langu kwenye mstari wa kwanza. Pembeni, mahali pa kuandika ski, nikaandika 115. Nilitumia ile kalamu ninayoandikia namba za wateja kwenye ski. Wino wake unapita milima, theluji na mvua ya msimu mzima. Haufutiki kwa kidole.