Mabati ya Kusubiri Julai

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ilemela, karibu na ziwa, chini ya kilima chenye nyumba nyingi na mawe mengi zaidi. Shule niliishia darasa la saba. Mambo ya uchumi nimejifunza magazetini, na kila Juni husikiliza hotuba ya bajeti nikiwa na daftari. Wateja wanajua, ndiyo maana huniuliza.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba kodi ya mabati ingepunguzwa kuanzia Julai. Jirani yangu, muuguzi mstaafu kutoka Kagera, alikuwa amemaliza kuta za nyumba yake, na mafao yake yalitosha mabati mazito ya geji 28. Alikuja kununua.

"Shikamoo mama. Subiri wiki tatu tu, bei itashuka."

"Marahaba. Una hakika?"

"Nimesikia mwenyewe."

Na kweli nilikuwa nimesikia. Nisichokipigia hesabu ni kwamba kila mtu angesubiri. Wiki zote tatu duka lilikuwa kimya. Julai wakaja wote kwa mkupuo. Muuzaji wa jumla akaniambia mzigo alionao ni wa kodi ya zamani. Ulipokwisha, akasema mpya umenunuliwa kwa dola iliyopanda. Bei haikushuka hata siku moja. Ilipanda. Nilimpigia simu mpaka akaacha kupokea.

Yule muuguzi alikuwa akipita dukani kila Jumatatu.

"Punguzo lako limeshavuka, au bado liko ng'ambo Kamanga linasubiri kivuko?"

Wateja walicheka. Mimi nilifungua daftari, nikasoma tena nilichoandika. Hakikuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wakati huo mafao yake yalikuwa yakiishia kwenye pango la chumba alichopanga.

Oktoba mvua ikaanza kumomonyoa kuta zake za matofali mabichi. Fedha iliyobaki ilitosha geji 32, nyembamba. Nilimuuzia kwa bei niliyonunulia. Hakushukuru, wala sikutegemea.

Upepo wa ziwa hung'oa bati jembamba, kwa hiyo Jumamosi nilipanda paani na fundi wake, tukapanga mawe juu ya mabati. Yeye alisimama chini akituelekeza.

"Ongeza na pale pembeni, mchumi. Mawe hayajapanda bei."

Nikaongeza.