Mwiko Wenye Ufa

Wiki iliyopita walituita kwenye formasyo, yaani mafunzo, hapa Kavimvira, sisi wamama wa kata, katika chumba cha kituo cha afya. Madame mmoja psikologe, mtoto wa watu, mpole kabisa, akatugawia kila mmoja kipande cha mti na kakisu kadogo. Akasema leo tutajifunza kitu kipya: kuchonga polepole, kupumua, kusikiliza mikono, ili kichwa kipumzike. Kitu kipya! Rafiki yangu, nilicheka mpaka wenzangu wakageuka kunitazama. Kumbe nilikuwa nacheka kwa hasira, na hasira hiyo ilikuja na harufu ya musave mbichi, ule mti wa maua ya njano, harufu ya nyuma ya nyumba yetu nilipokuwa na miaka tisa.

Mwaka ule baba alikuwa akinunua mchele Luberizi na kuuleta soko la Uvira. Asubuhi moja alipanda gari la kwenda kule, na siku hiyo bunduki zikalia barabarani. Hakurudi. Hatukupata mwili, hatukupata habari, na nyumbani hakuna aliyesema neno "amekufa". Nilingoja siku ya kwanza, nikangoja ya pili, halafu sauti yangu ikakatika. Mwalimu aliniuliza jina langu, nikamtazama tu. Mikono nayo ilitetemeka, chai ikamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni.

Mama alinipeleka kila mahali pa kumpeleka mtoto. Mwishowe watu wakamwambia kuna chumba cha maombi kule juu mlimani, mtoto anafungiwa humo bila kula mpaka pepo litaje jina lake. Mama akakubali. Usimlaumu haraka: alikuwa amepoteza bwana, hakutaka kupoteza na mtoto. Lakini mimi nilikijua kile chumba. Jirani yetu, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alikuwa amempeleka binti yake, na yule binti alirudi anaogopa hata kuku.

Koko, yaani mama ya mama yangu, akasema hapana. Koko alikuwa mtu wa Katogota. Baba yake alichonga vyombo vya maziwa vya wafugaji, na kwa kuwa hakuzaa wavulana alimfundisha yeye. Watu walisema mwanamke akishika kisu cha kuchongea, nyumba inakauka. Koko aliwajibu kwa kuwachongea miiko ya kusongea bugali, nao wakapokea, wanafiki wale! Akamwambia mama: "Niachie huyu mutoto siku za Mungu mbili zipite. Akibaki bubu, umupeleke, minye sitasema kitu." Kwetu minye ni mimi, na siku za Mungu mbili ni Jumapili mbili.

Basi tukakaa nyuma ya nyumba, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Upande wa jirani walikuwa wanatwanga mihogo, na mchana samaki wa mikeke walikaangwa kwa mawese mpaka mate yakanijaa. Koko hakuniuliza swali hata moja. Alinipa tawi la musave na kisu chake, chenye mpini uliofungwa kitambaa, akasema: "Usikate kinyume cha nyuzi. Muti ukikukatalia, simama, pumua, uugeuze." Siku ya kwanza nilijikata mara tatu. Siku ya nne nikagundua jambo: kisu kikiwa ndani ya mti, mkono hautetemeki. Kikitoka tu, unaanza tena. Nikawa sitaki kitoke.

Sheria ya koko ilikuwa hii: mwiko wako wa kwanza haukai kwako. Unampa mtu mwenye kukukasirisha kuliko wote, na yeye lazima aupikie. Na kwa kuwa mti ni mbichi, unauchonga nusu, halafu unaufukia ndani ya pumba za mchele ukauke taratibu, siku nyingi. Siku nyingi nizitoe wapi? Siku ya Mungu ya pili ilikuwa kesho kutwa! Koko alipokwenda sokoni, niliufukua mwiko wangu nikauegemeza kwenye mbabula, palepale maharagi yalipokuwa yakichemka juu ya makaa. Haukupita muda, nikasikia: ta! Ufa ulitoka kichwani mpaka katikati.

Mama akatoka ndani. Akauona ufa, akaniona mimi na kisu mkononi, akapiga makofi. "Yesu wangu! Hata muti unaonyesha pepo! Leta hicho kisu, tunaenda leo leo."

Akakamata mpini. Nikavuta. Akavuta. Na hapo, muuza ndagala akichungulia juu ya ua, nikapiga kelele.

"Minye siachi!"

Sauti ilikuwa mbaya, ya chura. Lakini mdomo ulikuwa umefunguka, nikaendelea: "Siachi kisu! Siendi kule! Baba alikufa na munakataa kusema!"

Mama akaachia mpini. Akakaa chini kwenye maganda ya mihogo, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu baba aondoke, nami nikalia naye. Koko aliporudi alitukuta hivyo. Akatua kikapu, akauliza kama maharagi yameungua. Yalikuwa yameungua kweli.

Kule mlimani hatukwenda tena. Nilimaliza ule mwiko na ufa wake, nikampa mama. Akashangaa, akamuuliza koko kwa nini yeye. Koko akacheka: "Uliza mutoto. Sasa iko na mudomo."

Koko hayupo tena. Misave ya kando ya mto ilienda na maji, na ziwa limepanda, limekula uwanja wetu. Pale palipokuwa na mbabula leo mawimbi ndiyo yanapiga. Sokoni wanauza miiko ya plastiki, ikiingia kwenye bugali inapinda, aibu tupu. Vile vyumba vya kufungia watoto, hivyo bado vipo. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Madame yule anafanya kazi nzuri, nami nilimwambia hivyo, lakini asituambie ni kitu kipya. Na wale wanaonipita mlangoni jioni wakinong'ona juu ya mwanamke na kisu, wanong'one tu. Nachonga kila siku, na nitachonga mpaka vidole vikatae.

Siku ile nilitoka kwenye formasyo nikaenda moja kwa moja kwa mama. Amezeeka sasa, mikono inayotetemeka siku hizi ni yake. Nilikuwa nimemchongea mwiko mpya, wa mti mkavu, laini, bila kasoro. Nikamkuta jikoni anasonga bugali na ule wa zamani. Ufa umekaribia mwisho, ameufunga kwa uzi wa nyavu.

"Mama, leta huo nitupe," nikasema, nikiushika mpini. "Huu mupya iko muzuri zaidi."

Akavuta. Nikavuta. Akanikazia macho.

"Minye siachi," akasema, akaendelea kusonga.